Jina la Marehemu Limekuja Nyumbani

Leo alasiri jina la marehemu mke wangu limetokea kwenye kompyuta, tena likisogea kuja kwetu.

Msinicheke bado.

Mjukuu wangu Neema anasoma chuo. Ameandika programu fupi ya kunasa vifaa vya bluetooth vilivyo karibu: inaonyesha jina la kifaa na nguvu ya mawimbi yake.

"Babu, simu yako inanong'ona kama wewe," akanitania.

Ghafla ukaja mstari mpya: BIBI.

Neema akanisogezea kompyuta.

Mwaka wake wa mwisho, mke wangu alikuwa akitoroka kwenda ziwani. Alisema anarudi kwetu Burundi, tulikotoka kama wakimbizi tukiwa vijana. Neema akamshonea kwenye sweta kifaa kidogo cha betri kinachotangaza jina hilo, ili tumpate akipotea. Tulimzika kabla ya masika.

Mawimbi yakazidi nguvu. Nikainuka kumfungulia mlango. Ndiyo, yeye marehemu.

"Hodi wenyewe."

Alikuwa shemeji yangu wa mtaa wa Buzebazeba, mdogo wake marehemu, amevaa lile sweta. Tulimpa sisi wenyewe siku ya kuanua matanga, tulipogawa nguo.

"Shemeji, leo hata karibu hamsemi?"

Neema akaninong'oneza: akitoe kile kifaa? Nikamkataza. Betri itakwisha yenyewe.

Shemeji hajui lolote. Ninyi mngemwambia?

Mimi, alipoaga, nilimsihi tu kwamba Ijumaa akija asisahau sweta. Jioni kuna upepo.