Jozi Zetu Nne Mlangoni Butare

Enzi zetu sisi watoto wa Nyamirambo, mtaa wa Waswahili jijini Kigali, safari ya Butare ilikuwa sikukuu ya tatu baada ya Idi mbili. Vijana wa leo wanafika mchana, wanajipiga picha, jioni wako Kigali wanalalamika mtandao ulikuwa mbovu. Sisi tulipakwa mafuta hadi tukang'aa, tukavishwa nguo alizotushonea baba kwa kitambaa kimoja, mimi na wadogo zangu wawili, kama mapazia ya nyumba moja.

Tulikuwa tunakwenda kumwona kaka Hamadi, mtoto wa kwanza mtaani kwetu kuingia chuo kikuu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mambo hayajaharibika kabisa. Zamani zile, kumwita mtu Mswahili kulikaribia kumwita tapeli, na baba alijua mwanawe anasoma na watoto wa wakubwa. Alitusindikiza hadi stendi ya mabasi ya Nyabugogo, akatuonya: "Huko iko wasomi. Mufunge midomo, mutoto asipate haya." Mama alikumbatia sufuria yake ya pilau. Mimi njia nzima nilijiuliza: je, mbele ya wenzake, kaka angekubali kwamba sisi ni ndugu zake?

Butare ilitupokea kwa kanisa kubwa la matofali mekundu, harufu ya mishikaki, na wanafunzi wanaotembea polepole, vitabu kwapani, wakizungumza Kifaransa cha puani. Tulitazama kila kitu, midomo tumeifunga kama tulivyoagizwa. Kaka alitupeleka makumbusho pamoja na rafiki zake watatu.

Mlangoni ndipo palipozuka kituko. Sakafu iling'aa, ndani kimya, watu wananong'ona, mikeka mizuri imejaa. Mama, mtu wa msikitini, hakufikiri mara mbili. "Mutoe viatu!" alisema kwa sauti. Tukavua. Jozi nne zikapangwa sawasawa kizingitini, malapa ya mama mbele. Mlinzi alibaki ameduwaa. Rafiki mmoja wa kaka, jina lake Kalisa, akaangua kicheko: "Yewe! Hawa Waswahiri wametoka wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamtazama kaka.

Kaka aliinama, akafungua kamba za viatu vyake vyeusi, akavipanga kando ya malapa. "Huyu iko mama yangu," alisema kwa Kiswahili, wote wakisikia. "Hawa iko wadogo zangu. Sisi tunatoka Nyamirambo." Kalisa alitazama chini, kisha naye akavua, na wenzake wakafuata. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona tena. Tukazunguka pekupeku kati ya mikuki na vikapu, baridi ya sakafu ikitutekenya nyayo, hadi mlinzi mwenyewe akacheka.

Nje, wacheza ngoma walirukaruka, njuga miguuni, na ngoma zikatutetemesha hadi tumboni. Mdogo wangu Zuhura alicheza mpaka mtandio ukamtoka. Halafu tukakaa kwenye majani, tukafunua sufuria. Kalisa alikula kuliko wote. "Mama, pirau hii iko tamu! Nitakura kila wiki!" Mama, akijua kwamba kwa Kinyarwanda kura ni kukua, akamjibu: "Kura mwanangu, kura, bado uko mutoto!" Kaka alicheka mpaka akapaliwa.

Siku hizi mji huo unaitwa Huye, na binti yangu anasoma hukohuko. Juzi nilimpelekea nguo, akanitumia ujumbe: "Mama, usiingie, nisubiri getini." Nilisubiri. Akaja mbiombio, akapokea mfuko huku akigeuka kuangalia kama wenzake wanatuona. Sikumgombeza. Ni mtoto mwema, na aibu za ujana zinapita. Lakini kaka Hamadi hakuuvuka mwaka wa tisini na nne, na pale getini nilitamani kwa moyo wangu wote binti yangu angemjua mjomba wake.