Wifi Mwenye Santuri

Mwanamke akiletewa mke mwenza, angalau huletewa mtu. Atamsema, atamnunia, na siku nyingine watachambua mchele pamoja. Mimi nililetewa amplifaya. Iliingia chumbani kwetu jioni moja begani kwa mume wangu, imefunikwa gunia, naye akaitua juu ya kitanda, upande wangu, polepole kama anayelaza mtoto. Mimi mwenyewe sikuwahi kulazwa hivyo.

Tulikuwa tumepanga chumba Mchafukoge, katika nyumba yenye ua nyuma na duka mbele. Mume wangu alikuwa fundi umeme bandarini, na mikono yake ilizijua nyaya kuliko ilivyonijua mimi. Ilikuwa miaka ile ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na ukiona watu wamejipanga ulisimama kwanza, ukauliza baadaye kinachogawiwa ni nini. Katika njaa hiyo ya kila kitu, mume wangu akaamua kuwa dijei. Mjini yalikuwa yameanza madisko ya mchana, Jumapili baada ya chakula, na yeye alikwenda kwenye mojawapo akasimama nyuma ya mpigaji kutwa nzima. Aliporudi hakutaka kula. Nikadhani ni homa.

Vyombo vya disko havikuuzwa dukani, na hata vingeuzwa mshahara wake usingevifikia, kwa hiyo alivikusanya kipande kipande. Pleya ya kwanza, yaani ule mtambo wa kuzungushia santuri, ilitoka kwenye redio-gramu ya familia ya Kihindi iliyokuwa inahama nchi. Kabati lake lilikuwa limeliwa na mchwa, wenyewe wakamwachia utumbo. Pleya ya pili alibadilishana na fundi redio wa Kariakoo kwa baiskeli. Baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa ikinipeleka kwa mama yangu Buguruni kila Ijumaa. Tangu hapo nikawa nakwenda kwa miguu, na kila nikifika nimelowa jasho nilimweleza mama kwamba baiskeli yetu siku hizi inaimba.

Spika hazikufanana. Moja ilitolewa kwenye mabaki ya bendi iliyovunjika, nyingine sijui hadi leo ilitoka wapi na sikuuliza. Akazitengenezea maboksi kwa mbao za masanduku ya majani ya chai. Masanduku alipewa na Mangi, yule mtu wa Kilimanjaro mwenye duka la mbele, na chumba chetu kikanukia chai mwezi mzima ilhali sukari ya kunywea chai yenyewe hatuna. Ili ahamishe muziki kutoka pleya moja kwenda nyingine bila kukatika, alifunga swichi ya taa ya ukutani, zile za ngazini ambazo huwashwa chini na kuzimwa juu. Kila alipoibonyeza, spika zilisema tak! Juu ya mkono wa pleya alibandika sarafu ili sindano isirukeruke. Nilikaa nikiitazama sarafu hiyo nikijua kabisa kwamba ni hela yangu ya chumvi.

Chumba kilikuwa na taa moja na umeme ulifika hapo tu. Akitaka kujaribu mtambo wake alipanda kwenye stuli, akachomoa taa, akachomeka waya. Mimi ninayeshona nikabaki gizani na sindano mkononi.

"Dakika moja tu, bibie," alikuwa akisema.

Hiyo dakika yake ilimaliza adhana ya magharibi na ya isha.

Mangi alikuwa na mdomo. Nikienda kununua mafuta ya taa ananiuliza, "Shemeji, huyu bwana analala na wewe au na spika?"

"Muulize yeye," nikamjibu. "Mimi siku hizi nalala na ukuta."

Watu dukani wakacheka, nami nikacheka nao, lakini roho ilikuwa inaniuma. Nilikuwa na umri wa kutazamwa. Ningeweza kuvaa kanga mpya, nikajifukiza udi, nikapita mbele yake, naye akaniambia nisogee kidogo nisimkanyagie waya.

Mimi nami nilikuwa na changu. Cherehani ya miguu, yenye meza ya chuma kizito, ndiyo iliyokuwa mahari yangu. Wenzangu walitaja fedha. Mimi siku ya posa nilitaja cherehani, na ikaletwa, na hakuna mwenye amri nayo ila mimi. Nilishona sare za shule na foronya, na kwa hizo tulikula wiki ambazo mshahara ulikuwa umegeuka kuwa nyaya.

Disko lake la kwanza lilimwaibisha. Lilikuwa kwenye ukumbi mmoja si mbali na soko, wenye jukwaa la mbao na meza iliyokuwa na mguu mfupi. Vijana walipoanza kucheza, jukwaa likatikisika, meza ikatikisika, sindano ikaruka kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho wake. Wakampigia miluzi. Alirudi kabla ya magharibi, akakaa mlangoni akitazama viatu vyake. Nilimpa pole kwa mdomo, moyoni nikapiga kigelegele.

Furaha yangu haikufika mbali. Siku ya pili yake nilimkuta amechuchumaa mbele ya cherehani, anaitikisa. Haikutikisika.

"Bibie, nina ombi," akasema. "Kichwa cha mashine tutakifungua, kibaki nyumbani. Nataka meza tu. Jumapili mchana tu."

Nilimwangalia. Baiskeli imekwenda, taa imekwenda, sasa na mahari.

"Mahari yangu haitoki nje bila mimi," nikamwambia. "Ikienda, naenda."

Alidhani natania. Jumapili nilivaa doti yangu nzuri ya kanga nikafuatana na mkokoteni hadi ukumbini, mkono juu ya meza yangu, kama ninayesindikiza maiti.

Na huko ndiko nilikomwona. Msichana alikuwa amesimama jukwaani kabla yetu, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene, nywele amezichana zikasimama duara. Mkononi alikuwa na sanduku. Mume wangu alipomwona alicheka kwa meno yote, meno ambayo mengine nilikuwa nimeshayasahau.

"Huyu ni dada yangu," akaniambia. "Mwite wifi."

Sasa, mama mkwe wangu wa Kilwa alizaa wasichana watatu, na wote walikuja harusini wakanitania wiki nzima. Wifi wa nne alitoka wapi? Nikauliza.

"Dada wa hiari," akasema mume wangu. "Anafanya kazi ya kupiga taipu ofisini Posta. Kaka yake ni baharia, anamletea santuri."

Hapo nikaelewa. Mtu anaweza kuokoteza pleya, spika na swichi ya ngazi, lakini santuri za nje haziokotezwi. Bila lile sanduku, mtambo wote ule ulikuwa kabati la majani ya chai. Mwenye sanduku ndiye mwenye disko.

"Hujambo, wifi?" akanisalimu, na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kaka anakusifu kila siku."

Nikamjibu sijambo. Mwanamume wa mji huu, ukimwona na msichana ni dada, ukimwona naye tena ni binamu, na mara ya tatu unaletewa talaka.

Meza yangu ilisimama imara. Sindano haikuruka hata mara moja. Vijana walicheza hadi jasho likatiririka ukutani, na mimi nikakaa kwenye kiti nyuma ya jukwaa nikiwatazama wawili wale. Mume wangu alinyoosha mkono bila kugeuka, na yule msichana akaweka santuri kwenye mkono huo, ile ile iliyotakiwa, bila neno. Mimi ili nimpe mume wangu chumvi sharti aitaje. Sikusikia wimbo wowote siku ile. Nilikuwa nauangalia ule mkono tu, unavyokwenda mtupu na kurudi umejaa.

Baada ya hapo akawa anakuja kwetu kila Jumamosi jioni, akitoka kazini, kupanga nyimbo za kesho. Chumba hakikuwa na kiti zaidi ya cha cherehani, na hicho nimekalia mimi, kwa hiyo wao walikaa kitandani na santuri katikati yao. Walizungumza habari ambazo mimi sizijui, upande wa kwanza, upande wa pili, huu uanze taratibu, huu ushike. Nilikuwa nakanyaga cherehani kwa nguvu makusudi wasisikilizane. Nimeshona foronya za kupinda sana miezi ile.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba alikuwa mwema. Nilipopata ujauzito aliniletea ndimu na udongo wa kula. Nilipojifungua mtoto wa kike aliniletea sabuni, miche mizima ya sabuni kutoka kwa baharia wake, wakati mji mzima unafulia majivu. Nitaikataa vipi? Nilifua nepi kwa sabuni yake nikiwa namlaani, povu linanifika viwikoni. Nilijua nina roho ya kwa nini, lakini roho hiyo ilikuwa na sababu zake, na sababu zilikaa kitandani kwangu kila Jumamosi.

Nikampelekea mama yangu kilio. Aliniacha nikamaliza, akanifuta makamasi kwa ncha ya kanga yake.

"Anasema ni dada?" akauliza.

"Ndivyo anavyosema."

"Basi mpe udada. Mpe wote, mbele za watu, mpaka ashindwe kuubeba."

Kwetu, mtoto akitimiza arobaini hutolewa nje na kunyolewa, na anayempakata wakati wa kunyolewa ni shangazi yake, ndugu wa baba. Mashangazi wa kweli walikuwa Kilwa, na mvua zilikuwa zimekata barabara. Mwanamke akishampakata mtoto siku hiyo, mtaa mzima umeshuhudia kwamba yeye na baba wa mtoto ni tumbo moja. Kesho ukimkuta naye kwa mengine, hilo si penzi tena, ni uchafu, na hakuna mlango wa Kariakoo utakaomfungukia. Nilitaka nimwone yule msichana anavyokwepa. Nilitaka aseme ana udhuru, ana kazi, anaumwa, ili wanawake wote uani wasikie na waelewe.

Nikamtumia salamu kwamba nampa ushangazi. Alikuja asubuhi na mapema. Hakuwa na bugaluu; alikuwa na gauni refu na kanga kichwani, na sahani mpya ya kupokelea nywele. Akakaa mkekani, akanyoosha miguu, akampakata mwanangu.

Mama yangu akasimama katikati ya ua. "Huyu aliyempakata mtoto ni nani wake?"

"Shangazi yake," akajibu yule msichana, kwa sauti, na akatabasamu hadi machoni. "Mimi kwetu sina dada, nina kaka mmoja tu na yuko baharini. Leo nimepata wa pili. Nashukuru, wifi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilimchunguza uso huo kama ninavyochunguza kitambaa kabla ya kukata, nikitafuta doa. Halikuwepo. Msichana wa watu hakuwa na lolote, hakuwahi kuwa na lolote, na udada ule aliubeba kama mtu aliyekuwa akiungoja.

"Aitwe baba mtoto athibitishe," mama akasema.

Mume wangu akaitwa kutoka barazani. Akasimama kwenye mlango wa ua, na mama akamuuliza mbele ya wote kama huyu ni ndugu yake. Vigelegele vikaisha kimoja kimoja. Mume wangu alikuwa ameduwaa kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri akaambiwa sukari imekwisha mbele yake.

"Kaka, sema basi, mtoto analia," yule msichana akamwambia huku anacheka, na neno kaka lilitoka kinywani mwake jepesi, halina kitu ndani yake zaidi ya kaka.

"Dada yangu," akasema mume wangu.

"Hatujasikia," akasema mama.

"Ni dada yangu."

Alilisema akimtazama yule msichana, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Watu wakasema ni furaha ya mtoto. Mimi nilikuwa karibu naye kuliko wote, na nimeishi naye miaka mingi baada ya siku ile, tukazaa wengine, tukazeeka, na kwa macho yale mimi hajanitazama hata siku moja.