Kompyuta Iliyoingia Chumba cha Eda

Mteja wa kompyuta ndogo hakuulizi kitu mpaka ameinyanyua kwanza. Nililiona hilo tangu siku zangu za mwanzo dukani kwa mjomba, pale Kibiti, na sijakutana na mteja aliyefanya vingine. Anaingia, anatazama huku na huku kama mtu aliyekimbia jua tu, kisha anaitia mkononi na kuipimapima kama kuku wa kununua. Ndipo maneno yanapoanza. Inakaa na chaji mpaka lini? Juani inaonekana? Mbona haina mlango wa sidii? Mwalimu mmoja alitaka inayoenea kwenye mkoba wa mkewe, ili njiani watu wasijue kuwa amebeba mali. Mnunuzi wa korosho alitaka inayofungwa kwa kishindo. Ile inayojifunga kimyakimya alisema ina tabia ya mwizi.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa na kila kitu cha watu wa mbali kinatufikia kikiwa kimeshatumika: nguo, baiskeli, friji, na mwisho laptopu. Barabara ya kusini ilikuwa imepata daraja, malori yanapita mchana kutwa, na mjomba akarudi kutoka Dar na boksi la zile ndogo kabisa, nyepesi kama sahani ya bati. Mimi nilikuwa binti wa darasa la saba, mcheshi kupita kiasi, na nilikuwa nimeshalijenga kichwani duka langu mwenyewe lenye vioo mpaka chini, mimi nimekaa ndani kwenye kiti cha kuzunguka, ninazunguka bila sababu. Mjomba akinikuta nimeduwaa alikuwa akiniuliza, "Leo umefikia wapi, umeshapaka rangi?"

Laptopu zile zilikuwa na ila moja. Ukikaa mbele yake sawasawa, unaona kila kitu. Ukisogea pembeni kidogo, picha inageuka: peupe panakuwa peusi, peusi panakuwa peupe, na nyuso za watu zinafanana na zile za kwenye mkanda wa filamu kabla picha haijasafishwa. Wateja hawakuipenda hali hiyo. Baba mmoja alirudisha ya kwake siku ileile, akisema watoto waliokaa pembeni wamelia.

Basi asubuhi moja akaingia mvuvi kutoka Maparoni, kwenye visiwa vya delta, bado kijana, suruali imekunjwa mpaka magotini na tope limemkaukia miguuni. Akaichukua iliyokuwa mezani, akainyanyua.

"Mbona kama haina kitu ndani?"

"Huo ndio uzuri wake, kaka," mjomba akasema. "Hii unaibeba kwa kidole."

"Na inakaa na chaji?"

"Tangu unakunywa chai ya asubuhi mpaka unakula cha mchana."

Yule mvuvi akaiweka chini taratibu. "Nataka inayoweza kuingia mahali ambapo mtu hawezi kutoka."

Mjomba akacheka. "Wapi huko, jela?"

"Eda," yule mtu akasema.

Mjomba akaacha kucheka, akampa kiti na pole.

Aliyekuwa edani ni dada yake. Mume wa huyo dada alikuwa mkata boriti kwenye mikoko. Siku moja alikwenda peke yake na hakurudi. Mtumbwi wake ulikutwa umefungwa vizuri, shoka limo ndani, na shati lake limenasa kwenye mizizi ya mikoko, limechanika mgongoni. Watu wakasema mamba. Wakatafuta mpaka wakachoka, shehe akaulizwa, hitima ikasomwa, na dada akaingizwa chumbani kukaa eda.

Hitima ikiwa imeshapita, ikafungwa harusi kwenye kijiji cha Dimani, na sidii ya harusi hiyo ikaonyeshwa kwenye kibanda cha video pale Kibiti. Mama mmoja muuza maandazi aliyekuwa amesimama mlangoni akapiga ukelele. Alimwona marehemu. Amesimama nyuma ya wapiga ngoma, akasema, anapiga makofi.

"Ndugu zake walikuja kutazama," mvuvi akatueleza. "Mmoja akasema ndiye. Mwingine akasema siye. Nusura wapigane. Sasa baba yao amesema mke ndiye atakayesema. Akisema ndiye, hao vijana wanakwenda Dimani na kamba, wamlete amefungwa kama mbuzi, aje aeleze kwa nini ametufanya tulie msiba wa uongo. Akisema siye, eda iendelee."

"Na yeye dada mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi. Anataka kuona tu. Lakini hawezi kutoka, kijijini hakuna umeme, na televisheni nani ataivusha lile tope?"

Mjomba akaikubali shughuli: tupeleke laptopu, itazamwe, wakiipenda wainunue. Akaihamishia ile harusi ndani. Kisha akakumbuka kuwa chumba cha eda hakiingii mwanamume wa kando. Akanitazama mimi.

Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilikuwa sijapata kufika visiwani. Usiku nikajilaza nikiwaza vile nitakavyowauzia watu wa delta nzima, kila nyumba moja.

Tuliitia laptopu kwenye ndoo yenye mfuniko, nimeiviringisha kwa kanga mbili. Bandarini Nyamisati tukapanda boti ya mashine, mimi, yule mvuvi na mwendesha boti. Maji yalikuwa yametulia mno. Tulipoingia kwenye mto mmoja mwembamba, mikoko imeinama pande zote, mwendesha boti akazima mashine bila kuambiwa, akashika upondo, akaanza kuisukuma boti kwa mti huo. Nikafungua kinywa niulize, mvuvi akatikisa kichwa. Ndipo nikaelewa kuwa hapo ndipo lilipookotwa shati. Tulipita tukisikia maji yanavyodondoka kutoka kwenye upondo, na kaa wanavyokwaruza kwenye mizizi. Hakuna ndege aliyelia. Nilihisi kama mtu anayepita sebuleni kwa watu bila kubisha hodi.

Tuliposhuka, tope lilitufika magotini. Ndoo niliibeba kichwani mwenyewe, na njia nzima nilimshukuru aliyetengeneza kitu chepesi vile; ingekuwa ile mashine kubwa ya ofisini, ningezama nayo.

Barazani walikuwa wamekaa wanaume: baba mkwe, wanawe wawili, na kamba mpya ya katani imeviringishwa juu ya mkeka, kama mgeni aliyekaribishwa akae. Nikaamkia, "Shikamooni," wakaitika, nikaingia.

Chumba kilikuwa na giza mchana ule. Dirisha limezibwa kwa jamvi. Mjane alikuwa amekaa juu ya mkeka, amejitanda shuka nyeupe, mdogo kuliko nilivyomfikiria, pengine alinizidi kidogo tu. Pembeni yake mama mkwe, mama wa yule aliyepotea. Wakati wote tulipokuwa tukisalimiana, kila sauti ya mwanamume ilipopanda barazani, mjane alijivutia shuka usoni, kwa haraka, bila kufikiri, kama unavyopepesa jicho.

"Ndiyo hii?" mama mkwe akauliza. "Mbona kama kitabu?"

"Ndiyo hii, mama."

Nikamwekea mjane mapajani. Akashtuka. "Ina joto," akasema.

"Ikifanya kazi huwa na joto."

"Kama mtu," akasema, wala hakutabasamu.

Nikakaa kushoto kwake nibonyeze, mama mkwe akakaa kulia. Harusi ikaanza. Mwanga wa kioo ukampiga mjane usoni, sisi wengine tukabaki gizani. Pale nilipokaa niliiona harusi ikiwa imegeuka: bwana harusi ana kanzu nyeusi na uso mweupe usio na macho, watu wanacheza chini ya mbingu ya makaa.

"Mimi sioni kitu," mama mkwe akanung'unika. "Naona mashetani tu."

"Inataka mtu akae mbele sawasawa, mama. Ni ya mtu mmoja."

"Basi aone mwenyewe."

Bwana harusi alipojitokeza, mjane alijivutia shuka, akabakiza jicho moja.

"We mwana!" mama mkwe akacheka kidogo, cheko la kwanza nyumba ile. "Hao hawakuoni!"

"Wananitazama, mama," mjane akasema.

Na kweli. Watu wa kwenye video za harusi hutazama kamera. Wapiga ngoma, wapambe, vijana wa kwenye viti, kila mmoja akifikiwa anatupa macho, na kila mwanamume aliyetupa macho, mjane alijifunika. Mimi nilikuwa nimeangalia harusi nyingi mno na hilo sikupata kulihisi.  Nikaanza kuhisi kuwa chumba kile kimejaa watu wa Dimani, wamesimama ukutani wanatungoja.

"Hapo," mjane akasema. "Simamisha."

Nikasimamisha.

"Ivute karibu."

Nikaivuta. Upande wangu niliona bonge la uso lisilo na sura, jeupe penye kiza na jeusi penye nuru, mikono imekutana kifuani kwenye makofi. Sikuinama mbele. Kwa nini, sijui. Niliona si adabu. Kila nilichokiona baada ya hapo nilikiona kwa yule mjane.

Shuka ilikuwa imeshikwa chini ya kidevu. Vidole vikaachia. Haikuporomoka kwa bahati mbaya, aliiachia. Ikateremka kichwani, ikaacha nywele zilizokuwa hazijasukwa tangu msiba, ikateremka shingoni, mabegani. Akakaa hivyo, kichwa wazi, mbele ya yule mtu wa kwenye kioo, akamtazama. Hakulia. Pumzi yake ilikuwa imebadilika, imekuwa nzito na ya taratibu, kama ya mtu aliyelala.

Mke hajifuniki mbele ya mumewe. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Ila hajifuniki mbele yake akiwa hai, na hajifuniki mbele yake akiwa maiti anayeoshwa, na mimi pale nilipokaa sikuweza kujua ni yupi kati ya hao wawili aliye mapajani mwake.

Nikageuza macho, yakakutana na ya mama mkwe. Yeye hakuwa akiitazama mashine. Alikuwa akimtazama mkwewe, zile nywele, ile shingo. Alitazama muda mrefu. Kisha akasogea, akamnong'oneza sikioni:

"Amekonda?"

"Hajakonda, mama," mjane akanong'ona.

"Ana shati?"

"Analo. Zuri."

Mama mkwe akafumba macho. Nje mtu akakohoa, na sauti ya baba mkwe ikaja mpaka mlangoni: "Haya, vipi huko ndani? Chaji ya watu inakwisha."

Mjane akamgeukia mama mkwe. Ilikuwa zamu yake kusema, wote tulijua, mke ndiye asemaye.  Nilitamani kumshika mkono. Nilitamani vilevile kukimbia.

Mama mkwe akaichukua ile shuka pale ilipoangukia. Akamtanda mkwewe kichwani, akamzungushia shingoni, akaipachika vizuri kama anavyotandwa bibi harusi, mpaka uso ukapotea. Halafu akapaza sauti, kavu, ya mama anayeita watu kula:

"Si yeye! Mwenzenu amemtazama, si yeye. Iondoeni hiyo kamba mkekani, watu watakaa wapi?"

 Barazani nikasikia mmoja wa wale vijana akicheka, "Si nilisema?" na mwingine akimjibu kitu cha kashfa, na mkeka ukakung'utwa.

"Ifute," mjane akasema chini ya shuka.

Nikamwonyesha pa kubonyeza. Mashine ikauliza kama ana hakika, nikamtafsiria. Akabonyeza mwenyewe kwa kidole chenye alama ya hina ya zamani, iliyobaki ukuchani tu. Bwana harusi, ngoma, watu wote wakaondoka, kioo kikabaki buluu.

"Na kule Kibiti?" akauliza.

"Kule bado yupo, dada."

"Akae hukohuko."

Aliitoa mashine mapajani mwake, akanipa kwa mikono miwili. Kisha akageuka, akaelekea ukutani kama alivyokuwa nilipoingia. Nikaanza kuiviringisha kwenye kanga. Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu yote ya kuuzia, uzito, chaji, kioo, na sikulipata hata moja la kumwambia mtu wa nyumba ile. Ila moyoni nilijua kuwa huyu ndiye mteja wa kwanza niliyemwona akitaka ile ila yenyewe, kioo kinachomwonyesha mmoja na kuwanyima wengine.

Baba mkwe akabisha tena kwenye mlango, safari hii kwa upole. Alitaka kujua habari ya kisomo cha kumalizia eda, kwa kuwa vijana sasa wamekaa na wanaweza kugawana kazi. Achinjwe mnyama gani?

Mama mkwe alikuwa akinipakulia wali.  Aliusawazisha ule wali kwa mgongo wa upawa, akaongeza mchuzi.

"Yule beberu mkubwa," akajibu. "Na waalikeni watu wa Dimani."