Cheche Zilizopita Mlango

Mwishoni mwa miaka ya sabini, mfanyabiashara mmoja wa vitambaa mjini Kisii, Mhindi wa rika la baba yangu, alikuwa na televisheni isiyoshika matangazo. Milima ilikataa. Kila asubuhi fundi cherehani wa barazani kwake alimwuliza, "Leo inaonyesha wimbi au mtama?" kwa sababu ya chenga zilizojaa kiooni.

Kisha mpwa wake wa Nairobi akamletea kompyuta ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni hiyo. Mimi nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule ya Nyanchwa, kilimani juu ya mji, nikaombwa niichezeshe. Mzee alitaka kitu kimoja tu: taa ya Diwali iwake kwenye kioo cha televisheni, dirishani mwa duka, mwali wa moto ukicheza. Sikukuu ilikuwa Jumamosi, nami ni Msabato. Ijumaa jua likizama naacha kazi.

"Mwalimu, taa isipowaka Ijumaa," alisema, "Jumapili hii mashine inarudi Nairobi."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitia wasiwasi. Nilikuwa nimeshaipenda.

Kwa njia ya kawaida, mashine iliandika mstari kwa mstari, na ikifika chini ilisukuma picha yote juu. Taa yangu ikawa inapaa badala ya kuwaka. Kitabu chake kilieleza njia nyingine. Kila nafasi kwenye kioo ilikuwa na chumba chake chenye namba katika kumbukumbu ya mashine. Ukiweka alama chumbani moja kwa moja, inatokea kiooni papo hapo. Nikajaribu, na mwali ukacheza kama wa utambi. Nikanogewa, nikaongeza cheche za kuruka juu ovyo ovyo. Punde kioo kikajaa takataka na mashine ikaganda.

"Wimbi," fundi akasema, bila kuinua macho kwenye cherehani.

Niliandika programu upya. Ikaganda tena.

Alhamisi jioni baba alikuja nyumbani kwetu na mkungu wa ndizi. Mvua ilikuwa ikinyesha, lakini kwetu Kisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni ensoni, heshima yenye aibu ndani yake. Alisimama chini ya ukingo wa paa, akapokea uji kwa mkono uliopita mlangoni, akatuuliza habari za watoto. Mabega yake yalikuwa yanalowa. Hakusogea.

Nilikuwa bado namtazama nilipoelewa. Cheche zangu ziliporuka kupita ukingo wa juu wa kioo, hazikupotea hewani. Ziliingia vyumba vilivyotangulia vile vya kioo, na humo ndimo programu yenyewe ilimokaa. Nilikuwa natupa moto nyumbani kwa watu.

Ijumaa baada ya masomo niliongeza sharti moja: cheche ikifika ukingoni, izimike hapo hapo. Jua lilikuwa limeegemea mlima nilipoiwasha. Taa ikawaka. Tulingoja. Ikaendelea kuwaka.

Fundi alikuja dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "na mafuta yake utatuuzia?"

Mzee alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi nilikuwa nimeshika njia ya kupanda Nyanchwa, Sabato ikinifuata kwa nyuma.

Jumapili nilipopita, mashine ilikuwa pale pale. Mzee alikuwa ameifunika kwa kitambaa kizuri cha dukani, na sasa alitaka tausi wa kucheza humo kiooni.