Sanduku la Tarehe la Mama

Juzi nilimpeleka mama kliniki ya macho hapa Lodwar, nikarudi nyumbani Kanamkemer nimekasirika hata chai ikanishinda. Kijana wa mapokezi alibonyeza kompyuta yake, akasema bila kumtazama, "Mathe, tarehe yako ilipita mwezi jana. Ulitumiwa meseji." Mama alimweleza taratibu kwamba simu yenye namba hiyo ilipotea. "Sasa hiyo si makosa ya system," kijana akajibu, akaita anayefuata. Mama alisema asante. Asante! Huyu ni mwanamke aliyekaa miaka mingi akikumbuka tarehe za watu wengine, na ngoja nikueleze alivyozikumbuka, rafiki yangu, maana watu wa sasa hawawezi kuamini.

Nilikulia Kakuma, ambako mama alikuwa karani wa zahanati moja ndogo ya mabati karibu na laga, ule mto wetu ambao mwaka mzima ni mchanga. Mezani pake palikuwa na sanduku refu la mbao, alilotengenezewa na fundi Mkongo wa kambi ya wakimbizi. Ndani tulipanga vipande thelathini na kimoja vya katoni, kimoja kwa kila siku ya mwezi, na nyuma yake vingine kumi na viwili vya miezi. Katoni nilizikata mimi, Jumamosi nzima, kwa makasi butu yaliyonitoa malengelenge. Nambari tulizibandika kwa uji mzito wa ngano. Mende walikuja kula uji, nambari zikadondoka, tukabandika tena.

Lilifanya kazi hivi. Mgonjwa wa kifua kikuu akishapewa dawa za mwezi, kadi yake iliwekwa kwenye siku anayotakiwa kurudi. Asubuhi mama alitoa kadi za siku hiyo na kuzitandaza mezani. Mgonjwa akifika, kadi ilihamia tarehe yake mpya. Ikifika saa kumi jioni, kadi iliyobaki mezani ni mtu ambaye hakuja. Basi mama alijifunga leso, tukatoka.

Tulianza kwa akina mama waliochota maji kwenye visima vya mchanga lagani. Kwanza salamu za Kiturkana, "Ejok," "Ejok noi," kisha maswali: nani anaelekea Kaaleng kesho? Nani ana shemeji huko? Kutoka hapo tulipita kwa mama mmoja wa Sudan aliyeuza kisra, ule mkate wao mwembamba. Alinipa kipande cha moto chenye uchachu mzuri, akasikiliza majina ya watu wa upande wao, na kesho yake walikuwa wamefika. Mbuzi walikuwa wakirudi na kelele zao, moshi wa kuni ukitambaa chini. Mimi nilidhani kila mji duniani hufanya hivyo jioni: unatoka kwenda kuwatafuta waliokosekana.

Nyanya yangu, mama yake mama, naye alikuwa na kadi humo. Alikuwa mfugaji, hakujua kusoma, na alikohoa mwaka mzima kabla ya kukubali dawa. Akishachukua za mwezi alirudi kwa mbuzi wake. "Mimi napona tayari," alimwambia mama, "lakini hii sanduku yako inapenda kelele. Nikikosa kuja itaniita." Na kweli, aliitwa mara mbili, na mara zote mbili alikuja akinung'unika, na kibuyu cha maziwa ya mgando kwa ajili yangu.

Kisha akaja msimamizi mpya, na kompyuta mbili, na Kiingereza kingi. Alisema makaratasi ni aibu, yanaleta panya. Mama alimwomba jambo moja tu. "Mkubwa, nipe mwezi mmoja, nihamishe hizi kadi kwanza." Alimjibu mbele ya wagonjwa, "Mama, wewe umezoea giza." Siku hiyo hiyo kadi zilichomwa nyuma ya jiko, pamoja na sanduku. Nilipotoka shule nilimkuta mama amesimama, mikono nyuma, anautazama moto. Msimamizi alikuwa kivulini akinywa soda.

Kompyuta zilifanya kazi wiki mbili, tatu. Jenereta ikakosa mafuta, zikafunikwa shuka. Mama alichukua daftari langu la hesabu, akakaa jikoni siku nzima akiandika majina na tarehe kutoka kichwani, maharagwe yakiungua pembeni. Aliwakumbuka karibu wote. Mtu mmoja hakumwandika, naye ni mama yake mwenyewe. Nani huandika jina la mama yake ili asimsahau?

Mwaka huo mvua ilinyesha. Malisho yakawa mazuri upande wa mpaka wa Uganda, na nyanya akafuata mbuzi, akijiona mzima, hata dawa zikamwishia. Mama alikuwa akiwakimbilia wale wa daftarini. Mezani hapakuwa na kadi ya kumwambia kwamba kuna mtu hajarudi. Baada ya miezi mitatu mjomba alimleta nyanya kwa pikipiki, amebanwa katikati yake na dereva ili asianguke.

"Mbona hamkuniita?" nyanya alimuuliza mama. Hakuuliza kwa ubaya. Alishangaa tu.

Tulimleta Lodwar, na wiki ya pili akafa. Msimamizi hakuja kutupa pole. Alikuwa amepandishwa cheo, amehama.

Zahanati ile haipo tena, na laga imekula nusu ya kiwanja chake. Wapo watakaokuambia kwamba mambo yamekuwa bora, na huenda ni kweli. Mimi pia natumia kompyuta kazini. Lakini siku hizi usipofika mahali, hakuna anayeinuka. Hakuna anayejifunga leso na kwenda kuuliza njiani kama kuna aliyekuona. Nakasirika kila ninapoliwaza hilo, na sitaki kutulizwa.

Jana mama alikuwa akichambua mchele, akasema ghafla, bila kuulizwa, "Ningemwandika tu. Mstari mmoja."

"Mama, kosa si lako," nikamwambia.

Akaendelea kuchambua. Nimemwambia hivyo tangu nikiwa na sare ya shule, na hajawahi kuniamini hata siku moja. Yule msimamizi nisingemsamehe hata kama angekuja kuomba radhi kwa magoti. Hajui hata kwamba kuna la kuombea radhi.