Tuta Lisilo na Msalaba

Watanzania wa Minneapolis na Saint Paul walizoea kumcheka Elinaja. Wenzake wakipanga sherehe za mwisho wa juma, yeye anapanga jabali la kupanda. Binti wa Kichagga kutoka Machame, alikuja kusoma akabaki, na sasa anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali moja kule Coon Rapids. Jumamosi yoyote ya kiangazi asipokuwa na zamu, utamkuta kwenye hifadhi za jimbo, zile zenye majabali yanayouchungulia mto Mississippi. "Kwani nani anakukimbiza huko juu?" walimuuliza. Na kila ubao wa historia ulio njiani lazima ausome mpaka nukta ya mwisho, waliofuatana naye wakiota mizizi kwa kumsubiri.

Jumamosi hii alifuatana na Makena, rafiki yake Mkenya, na akili yake haikuwa kwenye mbao. Wiki iliyotangulia mdogo wake Geofrey alimpigia simu kutoka Machame. Amepata mnunuzi wa kipande cha chini cha kihamba, shamba la ukoo, anayetaka kujenga hoteli ya watalii. Hapo ndipo alipozikwa bibi yao, aliyewalea wote wawili. Kaburi lake halikuwa na saruji wala msalaba. Lilizungushiwa isale tu, ule mmea wenye majani marefu ambao Mchagga yeyote akiuona anajua pana kaburi hapo. Elinaja alikuwa ameahidi kulijengea vigae tangu alipoanza kazi, na kila mwaka ahadi ikasogezwa mbele. Kwa uchovu wa zamu alimjibu Geofrey, "Nipe mpaka Jumamosi nifikirie."

"Wewe unaishi huku," Makena alimwambia garini. "Utarudi lini ku-farm? Wacha wauze, hiyo stress ni ya nini?"

Elinaja hakubisha. Kusema kweli moyoni alishakubali, alikuwa anatafuta tu mtu wa kumwambia si vibaya.

Walipofika juu, Makena alikuwa hoi. Chini yao mto ulikuwa umejigawa katikati ya visiwa, na tai walikuwa wakielea chini ya miguu yao, jambo ambalo Elinaja hakuwahi kulizoea. Ubao ulikuwepo, kama kawaida. Akaupita.

"Leo hau-read?" Makena akashangaa.

"Nina njaa."

Karibu na ukingo palikuwa na matuta mapana ya mviringo, yenye nyasi laini. Wakapanda juu ya moja, wakatandika khanga, wakatoa kuku, chapati na chupa ya chai. Elinaja akajinyoosha, akaegemea kiwiko, akasema hata hiyo hoteli ya Machame haitapata mahali pazuri kama hapa.

Mwanamke wa makamo alitokea njiani, nywele zake kazisuka nyuma, akasimama chini ya tuta. Hakupandisha sauti.

"Samahani. Mmekaa juu ya kaburi."

Elinaja akageuka huku na huku akitafuta msalaba. "Kaburi lipi?"

"Hilo. Na hayo mengine yote." Alikuwa Mdakota, kabila la wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na watu wake ndio waliozikwa hapo tangu zamani sana. "Kwingine yalilimwa yakaisha. Waliolima walisema hawakuona alama yoyote."

Elinaja aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Chai ikamwagika. Mtoto wa Machame, kula kuku juu ya mgongo wa bibi wa watu! Alipiga magoti, akaanza kuokota mifupa ya kuku kwenye nyasi, hata vile vipande vidogo, akiomba radhi kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kimachame, asijue anamwomba nani. Yule mwanamke akainama akamsaidia.

Aliposhuka kwenye tuta, akampigia Geofrey.

"Usiuze! Mdogo wangu, nakuomba, usiuze!"



"Dada, nilijua utakubali tu," Geofrey akasema. "Greda liliingia Jumatano."

"Na isale?"

"Waliing'oa. Lakini pamependeza, dada, hutaamini. Ngoja nikutumie picha niliyopiga leo mchana."

Elinaja hakutaka kuiona, akaifungua. Udongo ulikuwa umesawazishwa, hakuna tuta, hakuna jani. Aliutafuta mgomba mkubwa uliokuwa karibu na kaburi, akaupata, akajua bibi yuko wapi. Hapo hapo mafundi walikuwa wamekaa chini wakila, sufuria ya makande katikati yao. Mmoja alikuwa amejinyoosha, ameegemea kiwiko, anacheka.

Na hapakuwa na mtu wa kumwambia ainuke.