Kura Waliyoigombania Bila Kuipiga

Nimepika ugali wa matanga na pilau ya harusi, lakini hakuna kazi ngumu kama kuwapikia watu wawili wasiosemezana. Hao walikuwa wazungu, mume na mke, na walichonuniana ni siasa za kwao Uingereza.

Wakati huo nilikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, huku chini upande wa Voi. Sikusema yaya, wala sikusema mfua nguo. Mpishi. Mwanamke wa Chawia, kule mlimani, niliyeacha shule kabla sijajua kugawanya, nikashika jiko ambalo kabla yangu lilikuwa la wanaume watupu. Wageni kutoka Mombasa walikula mkate wangu wakaomba na wa kubeba. Na ni jiko hilo lililokuwa likiezeka nyumba yangu huko kwa mabati, chumba baada ya chumba.

Basi mwaka ule redio yao ikashika habari moja asubuhi na jioni. Uingereza ilikuwa imeshaingia katika soko la pamoja la Ulaya, na sasa serikali inawauliza wananchi: tubaki au tutoke? Bwana akasema watoke. Memsahib akasema wabaki. Kiingereza cha mezani nilikijua vizuri, maana anayengojea sahani husikia mengi. Nikafikiri, haya, mmoja anapenda chai ya maziwa na mwingine ya rangi, wataishi tu.

Hawakuishi.

"Leo ni soko," Bwana alikuwa akisema, "kesho sheria, kesho kutwa bendera. Mambo ya Uingereza yataamuliwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga matope ya Uingereza."

"Na wewe uliyakanyaga lini mara ya mwisho?" Memsahib akamwuliza.

Kilichomkera zaidi Bwana ni kwamba redioni, waliokuwa upande wake wengi walikuwa wanasiasa wa chama cha wafanyakazi, watu ambao miaka yote alikuwa akiwaita wezi. Mmoja akisema neno zuri, Bwana alipiga meza, "Kweli kabisa." Kisha anakumbuka ni nani anayesema, anakunywa maji.

Lakini chini ya maneno hayo kulikuwa na kaburi. Bwana alikuwa mtoto wa kubebwa wakati baba yake alipouawa na Wajerumani kule Taveta, katika ile vita ya kwanza, akazikwa huko huko. Siku moja wakati wa chakula cha mchana akalitoa.

"Baba yangu amelala Taveta kwa risasi ya Mjerumani. Leo nikae naye meza moja aniambie siagi yangu itoke wapi?"

Memsahib akaweka uma chini. "Ndiyo maana nataka wakae meza moja. Mimi nina mtoto wa kiume. Sitaki naye awe na Taveta yake."

"Basi nenda ukawapikie Wajerumani."

Kuanzia hapo wakanyamaziana, na mimi nikawa posta.

"Ambia Memsahib kahawa iko baridi," Bwana anasema, Kiswahili chake kile cha shambani, na Memsahib ameketi mbele yake.

"Mwambie Bwana kahawa hupoa mtu akihubiri."

"Bwana, kahawa hupoa mtu akihubiri," nasema mimi, nikiwa nimeshika birika.

Siku ya kura ilipokaribia nikamwuliza Memsahib mtapigia wapi, hapa Voi kwa DC?

"Hatupigi," akasema. "Sisi tunaoishi nje hatuna kura."

"Wewe huna?"

"Sina."

"Na Bwana?"

"Naye hana."

Nikarudi jikoni nikacheka mpaka nikashikilia meza. Watu wazima wameacha kulala chumba kimoja kwa ajili ya kura ambayo hakuna aliye nayo.

Kicheko changu hakikudumu. Redio ikatangaza kwamba wanaotaka kubaki wameshinda, tena kwa mbali. Bwana akaizima, akavaa kofia, akaenda zake kwenye mkonge. Memsahib hakushangilia. Alingoja neno moja tu kutoka kwake, na neno halikuja, siku ile wala zilizofuata. Ndipo akatoa sanduku.

"Naenda kwa dada yangu Uingereza," akaniambia. "Anayetaka kusema nami ataandika barua."

Nilijua maana yake. Mwanamke akiondoka katika nyumba kama ile, mwanamume hula vyakula vya mkebe ofisini, jiko linafungwa, na mpishi anarudi mlimani kutazama vyumba visivyo na paa. Tena, niseme ukweli, niliwapenda wajinga wale.

Tulikuwa tunakunja magauni aliponiuliza, "Kwenu watu wakigombana mpaka kufika hapa hufanya nini?"

"Hutema," nikasema.

Nikamweleza. Sisi Wadawida, watu wa mlimani, tuna desturi ya kutasa. Mwenye kinyongo anachukua maji ya muwa mdomoni, anayapuliza nje, na pamoja nayo anaitoa hasira kwa maneno, mbele ya yule aliyemkasirikia. Mchungaji wetu hakupenda mambo hayo, lakini mchungaji hakuwa anapika katika nyumba ile. Memsahib akaketi juu ya sanduku akafikiri.

"Kamua muwa," akasema.

Jioni, jua bado liko, Bwana akarudi akakuta sanduku mlangoni na vikombe viwili barazani. Nikamweleza na yeye. Akavua kofia, akalitazama sanduku.

"Ni lazima mimi nakubali ile soko?"

"Hapana, Bwana. Soko kaa nalo. Hapa tunataka hasira tu."

Akachukua funda kubwa, akasimama wima kama askari, akameza. Kisha akanishukuru, akasema ni tamu.

"Umemeza, Bwana. Sasa umeirudisha tumboni, tena na sukari."

"Mimi hapana weza tema mbele ya memsahib."

"Mwaka mzima umenitemea maneno," Memsahib akasema, na hayo ndiyo ya kwanza aliyomwambia ana kwa ana baada ya majuma mengi. "Tema maji."

Akachukua tena, akageukia uani, akapuliza. Upepo wa Voi mnaujua. Yote yalimrudia, shati, masharubu, miwani. Akasimama pale akichuruzika maji, akasema kwa lugha yao, polepole, kwamba soko lile halitaki na hatalitaka, lakini kwa mke wake hana hasira, na lile neno la Wajerumani anajuta kulisema. Memsahib akaja na kikombe chake, akapuliza vizuri, chini, kama mtu aliyezaliwa Chawia, akasema yake.

Halafu akaniambia nirudishe magauni kabatini. Bwana akashika sanduku mwenyewe, akajigonga nalo goti mlangoni, na kabla hawajafika chumbani nikasikia wameanza upya: soko, siagi, Mjerumani. Bwana hakubadilika hata siku moja. Kila mgeni aliyekanyaga baraza ile alihubiriwa. Lakini sasa waligombana wenyewe, na posta ikafungwa. Nikaenda kuchochea moto, kwa sababu watu wakigombana namna ile huwa na njaa.